Kukaa darasani bila krediti: nitakuwa nimesoma, au nimekaa tu?

*Swali la msomaji:*

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, nina shahada ya sosholojia na nafanya kazi kwenye shirika la afya ya jamii. Mwakani nataka kuomba shahada ya uzamili ya afya ya umma. Kwenye sifa za mwombaji wameandika awe amesoma takwimu. Mimi takwimu niliisoma zamani, nikapata sapu, na hata kwenye sapu nilipita kwa kusukumwa. Chuo kilicho karibu na kazini kinaruhusu mtu wa nje kusoma somo moja kwa muhula, na kwenye fomu kuna visanduku viwili: krediti na oditi. Rafiki yangu mmoja ananiambia nitie tiki kwenye oditi kwa sababu ni bure, hakuna mtihani, na jina la somo litaonekana kwenye karatasi ya matokeo, kwa hiyo huko ninakoomba wataona nimesoma. Mwingine anasema nisijisumbue hata na fomu, niingie tu nikae nyuma, ukumbi una watu mia mbili, nani atajua? Halafu nikiona naelewa, nibadilishe iwe krediti katikati ya muhula. Ukweli ni kwamba nikiufikiria mtihani wa takwimu viganja vinatoka jasho. Je, nikisoma kwa oditi nitakuwa nimesoma kweli? Na itanisaidia kwenye maombi?"*

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani unauliza habari za fomu. Kumbe maswali ni mawili yaliyofungwa furushi moja. La kwanza ni la karatasi: huko unakoomba wataona nini? La pili ni la kichwa: safari hii takwimu itaingia, au utakaa pale muhula mzima ukitikisa kichwa kama anayeelewa? Rafiki zako wote wawili wamejibu la kwanza vibaya, na la pili hawajaligusa.

Nimefanya kazi ofisi ya msajili miaka mingi kabla ya kuhamia ushauri wa taaluma, na visanduku viwili hivyo vimeniletea watu mlangoni kuliko sehemu nyingine yoyote ya fomu. Wengi huja wiki ya kumi, mambo yakiwa yameshaharibika. Wewe umekuja kabla ya kutia tiki. Hapo umeshawatangulia.

Nianze na neno lenyewe. Watu wakisikia oditi humfikiria mkaguzi wa hesabu, yule ambaye akifika ofisini kila mtu anaanza kutafuta risiti. Hawajakosea sana. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kusikia, na mkaguzi aliitwa hivyo kwa sababu zamani huko Ulaya hesabu zilisomwa kwa sauti, yeye akazisikiliza. Darasani maana haijahama: ni mtu aliyekuja kusikiliza. Amesajiliwa, ana haki ya kuwemo ukumbini, lakini chuo hakimpimi. Na kwa kuwa hakimpimi, hakimpi krediti. Hapa nitamwita mwanafunzi msikilizaji, maana ndivyo alivyo.

Msikilizaji aliyesajiliwa si yule anayejipenyeza na kukaa nyuma, na hapa ndipo rafiki yako wa pili amechanganya mambo. Anayejipenyeza hayumo kwenye orodha yoyote. Hawezi kuingia kwenye mfumo wa mtandaoni ambako mhadhiri anaweka mazoezi na maelezo, hana kitambulisho cha maktaba, na somo likihamishiwa ukumbi mwingine hakuna wa kumtumia ujumbe. Namkumbuka kijana mmoja aliyekaa hivyo kwenye somo la uchumi karibu nusu muhula, safu ya mwisho, daftari safi, hata wenzake wakawa wanamwazima. Siku ya kugawa makundi ya kazi mhadhiri akasoma majina, watu wakaanza kuhama viti kwenda kwa wenzao, safu ya nyuma ikabaki tupu, yeye yuko katikati yake na daftari mapajani. Mhadhiri akamuuliza, wala hakuwa mkali, "Wewe uko kundi gani?" Kijana akasema amekosea chumba, akatoka. Hakurudi tena. Kilichoniuma ni kwamba mhadhiri yule alikuwa mtu wa kuruhusu. Ujumbe wa mistari minne wiki ya kwanza ungetosha kabisa.

Sasa hilo la "ni bure". Ni bure mahali fulani, na mahali pengine siyo. Vipo vyuo vinavyomtoza msikilizaji ada ileile anayolipa mwenye krediti, kwa hoja kwamba kiti ni kiti. Vipo vinavyotoza sehemu tu ya ada, na vipo visivyotoza kitu, hasa kwa wafanyakazi wao au kwa wazee. Ohio State University ya Marekani ina mpango wa wakazi wa jimbo hilo wenye miaka 60 na kuendelea, wanasikiliza bila ada ilimradi viti vipo. Ujerumani kuna utaratibu wa wasikilizaji wageni: unalipa ada ya muhula ambayo kwa kawaida ni ndogo, unasikiliza, basi. Paris kuna Collège de France, iliyoanzishwa mwaka 1530, ambako mihadhara iko wazi kwa yeyote, hakuna kujisajili, hakuna mtihani, na taasisi yenyewe haitoi shahada hata moja. Mtu akikwambia "kusikiliza ni bure", muulize: wapi, na kwa nani? Chuo chako kitakuwa na ukurasa wa ada wenye jibu, na kama hauonekani, dirisha la msajili watakuambia kwa dakika mbili.

Tuje kwenye karatasi. Hapa naomba unifuate polepole, kwa sababu ukishaelewa krediti ni kitu gani, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Krediti ni kipimo cha kazi iliyofanywa na kushuhudiwa. Kanuni za serikali ya Marekani zinaieleza krediti moja hivi: saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa muhula wa wiki zipatazo 15. Somo la krediti tatu, kwa hiyo, ni saa tisa kwa wiki, jumla kama saa 135. Ulaya wana mfumo wao, krediti 60 kwa mwaka, na kila moja inahesabiwa saa 25 hadi 30 za kazi. Somo la krediti tano huko linakuwa saa 125 hadi 150. Mifumo miwili tofauti, bara mbili, na mzigo unakaribia kulingana.

Iangalie hesabu hiyo kwa jicho la msikilizaji. Kati ya zile saa 135, za darasani ni 45 tu. Tisini zilizobaki ni za mazoezi, kusoma, kukosea, kurudia, kujiandaa na mtihani. Msikilizaji anayekuja kila kipindi bila kukosa, akaenda nyumbani akafunga daftari, amefanya theluthi moja ya somo. Ameuona mchezo wote akiwa jukwaa la watazamaji.

Ndiyo maana chuo hakiwezi kukuandikia kwamba unajua. Kinachouzwa kwenye krediti ni ushahidi: kuna mtu alikutazama ukifanya, akaweka alama, akatia sahihi. Kwa msikilizaji hakuna shahidi wa kuitwa. Rafiki yako wa kwanza hajadanganya aliposema jina la somo linaweza kutokea kwenye karatasi ya matokeo. Katika vyuo vingi linatokea, lakini mahali pa alama kunakuwa na herufi za kuonyesha kwamba ulisikiliza tu. Haliingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako, halipandishi wala halishushi. Na afisa wa udahili anazijua herufi hizo kama anavyolijua jina lake. Akiona takwimu imeandikwa oditi, anasoma: alikuwepo. Sifa yao inataka mtu *aliyesoma*, na kwa lugha ya udahili maana yake ni aliyefanya mtihani akafaulu. Kuna vyuo ambako hata huko kuonekana kwenye karatasi kuna sharti: usipofikisha mahudhurio mliyokubaliana, somo linafutwa kwenye karatasi au linaandikwa kwamba ulijitoa.

Kubadilisha katikati ndilo kosa ninalolikuta zaidi. Kila muhula una tarehe ya mwisho ya kuongeza au kupunguza masomo, na mara nyingi iko ndani ya wiki mbili au tatu za mwanzo. Kabla ya siku hiyo unaweza kuhama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Baada ya hapo, mlango wa kutoka oditi kwenda krediti hufungwa, na sababu iko wazi ukijiweka mahali pa mhadhiri: mwenye krediti ameshafanya kwizi mbili na ameshakabidhi mazoezi matatu, wewe unataka kuingia ukiwa umeshajua kwamba utafaulu. Wengine wangesema wamebeba hatari, wewe umesubiri matokeo. Mlango wa upande wa pili, wa kutoka krediti kwenda oditi, katika vyuo vingi hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Liweke hili akilini, nitalirudia. Uliza jambo moja zaidi: je, mtu aliyesikiliza somo muhula huu anaruhusiwa kulirudia kwa krediti muhula ujao? Kwa kawaida ndiyo, ila ada unalipa upya.

Nipite haraka kwenye fedha na vibali, kwa kuwa hujaviuliza ila vinawanasa watu. Kama mwajiri ndiye anayelipa, soma barua yake: wengi hulipa baada ya kuona alama, na msikilizaji hana alama ya kuonyesha. Misaada ya serikali kwa wanafunzi nayo ina masharti yake. Marekani, kwa mfano, msaada wa shirikisho hauhesabu masomo ya oditi. Na kwa aliye huko kwa viza ya mwanafunzi, somo la kusikiliza halihesabiki katika mzigo kamili anaotakiwa kubeba, ambao kwa shahada ya kwanza ni krediti 12 kwa muhula. Nimewahi kuona mtu akikaribia kupoteza hadhi yake ya viza kwa tiki moja kwenye kisanduku.

Sasa kichwa. Hapa ndipo mimi mwenyewe nilibadilisha mawazo.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nawaambia watu: ukiondoa mtihani, unaondoa hofu, na ukiondoa hofu kichwa kinafunguka. Linavutia kusikia. Halafu mama mmoja aliyesikiliza somo la takwimu, mtu makini, si mvivu hata kidogo, alikuja kuniaga mwisho wa muhula akaniachia daftari lake nilitazame. Wiki ya kwanza kurasa nne, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu kwa rula. Wiki ya tatu kurasa tatu, bado rula ipo. Wiki ya tano, panapoanza mambo ya usambazaji wa sampuli, yaani jinsi majibu yanavyotofautiana kutoka sampuli moja hadi nyingine, ukurasa mmoja na nusu, na pembeni ameandika kwa penseli "kurudia hapa". Wiki ya saba kuna tarehe na mchoro wa ule mstari wa takwimu wenye umbo la kengele, hauna maandishi. Wiki ya tisa kuna tarehe tu. Nikamuuliza uliacha kuja? Akasema hapana, nilikuja siku zote, nilikuwa naelewa vizuri tu mwalimu akieleza. Nikamwomba anieleze kosa sanifu, kile kipimo cha jinsi makadirio ya sampuli yanavyoweza kuyumba, ni nini. Akafungua mdomo, akaufunga, akacheka.

Hakuwa amenidanganya. Kweli alikuwa akielewa *wakati mwalimu anaeleza*. Kuelewa ukiwa unaelezwa na kukumbuka ukiwa peke yako ni kazi mbili ambazo ubongo unazifanya tofauti, na ya kwanza inajivika nguo za ya pili. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo kila msikilizaji angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likafunga karatasi na kujaribu kuandika linachokumbuka, bila hata kusahihishwa. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki, meza ikapinduka: waliojipima walikumbuka zaidi, kwa tofauti inayoonekana wazi. Na kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba waliorudiarudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka.

Kwa hiyo mtihani unaouogopa una kazi mbili. Moja ni kukupa alama, hiyo tunaijua na ndiyo inayotoa jasho viganjani. Ya pili ni kuulazimisha ubongo uchimbe kilichozikwa, na kule kuchimba ndiko kunakokifanya kisizikwe tena. Ukitia tiki kwenye oditi umekwepa ya kwanza, na bila kujua umeitupa ya pili. Hii ndiyo gharama halisi ya kusikiliza, dada yangu, kuliko hata krediti yenyewe.

Ongeza na jambo la wazi: maisha. Wiki ya sita kazini kuna ripoti, mtoto ana homa, mvua inanyesha. Mwenye krediti anajikokota kwa sababu kuna kwizi. Msikilizaji anasema nitasoma madesa ya wenzangu. Harvard na MIT, vyuo vikuu vya Marekani, walipofungua masomo yao 17 ya kwanza mtandaoni, 2012 hadi 2013, walipata usajili 841,687, na vyeti vilivyotolewa vilikuwa 43,196, yaani kama watano kwa kila mia. Si haki kuwaita wengine wote walioshindwa. Wengi walikuja kuchungulia, wakachukua walichotaka wakaondoka. Ila namba hiyo inakuonyesha mtu wa kawaida anafanya nini mlango wa kutoka ukiwa wazi na hakuna anayemwita jina.

Usinielewe vibaya, mimi ni mpenzi wa kusikiliza. Nimesikiliza mwenyewe masomo mawili, moja la historia ya sanaa, na hilo la historia nilifaidi kila dakika. Mhadhiri mzuri, picha ukutani, hakuna wa kunidai kitu. Masomo ya namna hiyo, ambayo utajiri wake uko kwenye simulizi na mjadala, msikilizaji anatoka na kapu limejaa. Jingine lilikuwa la lugha, na sitaki kulizungumzia. Lugha, maabara, uchoraji, programu za kompyuta, hisabati na takwimu ni masomo ya mkono. Ukitazama mtu akiogelea mwaka mzima, siku ukitupwa majini utazama ukiwa na nadharia safi.

Haya, wewe ufanye nini?

Kwa jinsi ulivyoeleza, ushauri wangu ni utie tiki kwenye krediti. Najua hukutaka kusikia hivyo. Lakini shida yako ni sifa ya udahili, na oditi haiitibu. Tena una alama ya zamani ya sapu kwenye takwimu. Alama mpya, hata ikiwa ya kawaida, inasimulia habari tofauti kabisa kuliko neno "alisikiliza", ambalo kwa afisa mwenye shaka linaweza kusomeka kama mtu aliyekwepa tena. Na kumbuka ule mlango nilikuambia: ukianza na krediti na mambo yakaharibika, vyuo vingi vinakuruhusu kushuka kwenda oditi hadi tarehe fulani. Ukianza na oditi, kupanda ni kugumu. Kwa hiyo hata kwa mtu mwoga, krediti ndiyo inayokuachia njia. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna hali moja ambayo ningegeuza maneno yangu. Baadhi ya programu za uzamili hazijali ulisoma wapi, zina jaribio lao la kuingilia, au zinafundisha takwimu upya mwezi wa kwanza na zinataka tu usije mtupu. Kama yako iko hivyo, kusikiliza kunatosha na kunapunguza mzigo. Huwezi kulijua hilo kwa kukisia. Waandikie idara yenyewe, uulize kwa maneno haya: je, mnakubali somo la takwimu lililosomwa bila krediti, je, mnakubali lililowekewa alama ya kufaulu au kufeli tu bila daraja, na ile alama yangu ya zamani, mnaihesabu? Swali la katikati lina sababu. Vyuo vingine vina njia hiyo ya tatu, unafanya mitihani yote na unapata krediti ila daraja halionekani. Kwa mtu anayetetemeka inapunguza makali bila kupoteza kazi ya mtihani. Bahati mbaya programu nyingine haziikubali kwa masomo ya msingi, ndiyo maana nasema uulize kwanza, na upate jibu kwa maandishi.

Ipo na njia ndefu: usikilize muhula huu, ulirudie kwa krediti muhula ujao. Nimeona ikifanya kazi kwa watu ambao hisabati yao ya msingi ilikuwa imeshakauka. Ina gharama mbili, muda na fedha, na ina mtego wa kujiambia "nitaanza kweli safari ijayo". Kama muda wako ni mwakani, sidhani unao.

Ukiamua kusikiliza hata hivyo, basi sikiliza kama mtu anayedaiwa. Mwandikie mhadhiri kabla ya wiki ya kwanza, kwa ufupi, bila kujieleza sana. Kitu kama hiki: "Mwalimu, mimi ni mfanyakazi wa afya ya jamii, ninajiandaa na shahada ya uzamili. Naomba kusikiliza somo lako muhula huu. Nimeshauliza ofisi ya msajili, wananitaka niwe na idhini yako. Ningependa kufanya mazoezi ya nyumbani na mitihani ya majaribio hata kama hutaisahihisha. Majibu nitajilinganishia mwenyewe. Sitachukua nafasi kwenye kundi la wanafunzi wenye alama. Niko tayari kufuata utaratibu wowote utakaoniwekea." Wahadhiri wengi hujibu vizuri barua kama hiyo, kwa sababu imewaondolea hofu yao kubwa, ambayo ni rundo la kusahihisha. Wengine watakuambia "leta nitalitazama". Akisema hapana, ni hapana. Ana ukumbi wake na sababu zake.

Darasani, kaa mbele kidogo. Uliza maswali, lakini wenye mtihani wapewe nafasi kwanza, hasa wiki ya mwisho. Kila baada ya kipindi, kabla hujaondoka kitini, geuza daftari juu chini na uandike kwenye karatasi tupu mambo matatu yaliyosemwa. Yatakuja mawili. Ndilo zoezi lenyewe hilo. Siku wenzako wanapofanya mtihani wa kati ya muhula, omba nakala baadaye, jifungie chumbani na saa mezani, uufanye kwa muda uleule, kisha mpe mtu mwingine akusahihishie. Mtu, si wewe.

Limebaki la viganja. Umelitaja kwa sentensi moja ukaendelea, ila mimi nimeliona. Hofu ya hesabu ni kitu cha kweli. Inakula ile nafasi ndogo ya akili ambayo ungeitumia kushika namba, kwa hiyo unakosea jambo unalolijua, kisha kosa linaithibitisha hofu. Sapu yako ya zamani huenda ilikuwa na hadithi hiyo ndani yake, wala si kwamba "takwimu si yangu". Hofu ya aina hii mara nyingi hulegea kwa kuzoea mitihani midogo isiyo na madhara, moja baada ya nyingine, ndiyo maana nakusukuma kwenye kujipima na siyo kuikimbia mitihani. Lakini kama jasho linafuatana na moyo kwenda mbio, kukosa usingizi siku kadhaa kabla, au kichwa kuwa cheupe kabisa ukiwa mbele ya karatasi, usilibebe kwa ushauri wa kuandikiwa. Vyuo vingi vina mshauri nasaha, na wewe ukisajiliwa hata kwa somo moja uliza kama una haki ya kumwona. Vingine vinaruhusu muda wa ziada au chumba tulivu kwa mwenye tatizo lililothibitishwa, na maombi hayo yanatakiwa mapema, si asubuhi ya mtihani.

Mambo ya viza, mkataba wa mwajiri na malipo nenda nayo ana kwa ana kwa msajili, ukiwa na karatasi zako mkononi. Mimi kutoka hapa siwezi kuona kanuni za chuo chako, na kanuni hizo hubadilika kutoka idara hadi idara ndani ya jengo moja.

Wiki hii iandikie idara ya uzamili yale maswali matatu. Fomu ya visanduku iache mezani mpaka wajibu, ila usipitishe ile tarehe ya kuongeza na kupunguza masomo. Wakichelewa na tarehe ikakaribia, tia tiki kwenye krediti, uende darasani siku ya kwanza na daftari jipya, na kwizi ya kwanza ifanye hata kama viganja vimelowa.